Una Himila?

Nina ulimi mwepesi, sikatai, na safari moja ulinitia msiba. Miaka ya hamsini nilikuwa bibi arusi mpya, nimeteremka kutoka Wundanyi kuishi Voi, ambako mume wangu alikuwa fundi wa reli. Kiswahili changu kilikuwa cha shuleni na sokoni. Nyumbani tulisema Kidawida.

Mwezi wa pili bila kuona damu, nilishikwa na homa, kiuno kikiuma na mkojo ukiunguza. Habari ya mimba sikumwambia mtu, hata mume wangu. Kwetu mimba changa haitangazwi.

Dresa wa dispensari, aliyetibu na kugawa dawa, alikuwa mzee wa pwani, mtu wa kuchagua maneno mbele ya wanawake. Kabla ya kufungua kabati la dawa akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, una himila?"

Mimi nikasikia hila. Lo! Mgonjwa natetemeka, naitwa mjanja?

"Sina hila mimi!" nikafoka. "Nimekuja kutafuta dawa, sikuja kutukanwa!"

Akafungua kabati, akanipa vidonge vipya, vikali, vya siku saba. Siku ya tatu homa ilikuwa imepoa. Nikamhadithia jirani yangu, mama mmoja Mswahili, nikitaka tucheke. Hakucheka.

"Himila ni mimba, mwanangu," alisema. "Alitaka kujua akupe dawa gani."

Kwa woga nilivitupa chooni vidonge vilivyobaki. Laiti ningalirudi kwa yule mzee siku ile ile! Niliona aibu, mjinga mimi. Homa ikarudi na nguvu, na nilipofika kwake nikikokota miguu, damu ilikuwa imeanza kutoka.

Hakunigombeza. "Ningalijua, ningalikudunga penisilini," alisema akitayarisha sindano. "Hiyo tunawapa wenye mimba. Lakini kuacha dawa katikati, mwanangu, nako ni hatari."

Mimba ilipokwisha kutoka, nikamuuliza kilichomuua mtoto wangu, vidonge au homa.

"Homa yaweza," alisema. "Vidonge, sijui. Sitakudanganya."

Hasira hasara, tuliambiwa tangu utotoni. Niliumia moyo kuliko nilivyoumia tumbo.

Jumamosi mume wangu alirudi kutoka kutengeneza reli upande wa Taveta. Alinikuta kitandani nimekonda, akaniuliza nina nini. Neno himila sikuthubutu kulitamka.

"Ni homa," nikasema.

Akaketi kando yangu, akanishika mkono.

"Homa tu?" akasema. "Basi tumshukuru Mungu."