Tulikaa Nje Tukingoja Mbuzi

Mwaka 1964, nikiwa na miaka kumi na tisa, ngamia wetu wote walipigwa risasi vitani, na mimi nikaingia Garissa mikono mitupu. Mwanangu, shule nilikaa miezi minne tu, kwa hivyo nitakuambia bila kupamba.

Aliyenipa kazi alikuwa Mzee Yusuf, Myahudi kutoka Aden, mnunuzi wa ngozi. Nilizitia chumvi, nikazianika. Siku mkewe Sara alipofariki, sisi majirani tulichimba kaburi, tukamsaidia mumewe kumzika. Mzee Yusuf akapasua shati lake kifuani, desturi yao ya msiba, akarudi nyumbani, akaketi sakafuni. Mlango akauacha wazi.

Sisi tukakaa nje kwenye mkeka. Kwetu mwenye msiba huchinja, watu wakala, wakamwombea marehemu. Basi tukangoja mbuzi. Jua likashuka.

"Waryaa, nyie, mbuzi yuko wapi?" akauliza mmoja.

Nikajibu mimi, kwa sauti, ili wacheke: "Huyu anajua ngozi tu. Nyama hajawahi kuiona!"

Wakacheka kweli. Saa ya kafyu ikakaribia, tukaondoka tukimwita bahili.

Asubuhi nilimkuta palepale, midomo imekauka.

"Mzee, hujala?"

"Kwetu, aliyetoka kuzika haruhusiwi kula chakula chake mwenyewe. Chakula cha kwanza huletwa na jirani. Hata yai na mkate." Akanitazama. "Nilisikia miguu yenu nje, nikasema, wameleta. Halafu nikasikia mnacheka."

Nilikimbia nikaleta mayai. Alikula moja, kwa kunistahi tu. Juma lilipokwisha akapanda lori la Nairobi. Sikumwomba msamaha, kiburi, wallahi. Sikumwona tena.

Mwaka uliofuata nikamzika mama yangu ndani ya kijiji ambamo wanajeshi walitufungia kwa seng'enge, kila mtu na njaa yake. Nilikaa chini nikisikiliza miguu nje. Ilipita yote.

Mwanangu, ukitoka makaburini usikae kungoja kulishwa. Mpelekee mfiwa chakula, ingia, keti naye, funga mdomo. Kama hujui desturi yake, muulize. Usimcheke mlangoni pake. Mola akujalie majirani bora kuliko nilivyokuwa mimi, na siku yako ya msiba miguu ya nje iingie ndani.

Leo nina ngamia thelathini, duka mtaa wa Iftin, nyumba ya mawe, na sufuria moja ya kupelekea chakula msibani. Kaburi la Sara silijui tena lilipo. Mji umejengwa juu yake.