Neno la Kwanza Kwenye Kiti cha Baba Mudogo

Mtu aliyetufukuza nyumbani kwetu ndiye aliyeniachia nyumba hiyo.

Hakukosea jina. Alinitaja mimi, Orpa, mbele ya wakubwa wa ukoo, akili zake zikiwa timamu. Kisha akafa.

Nilikuwa Beni, kwenye cherehani yangu, nashona sare za kwaya. Simu ikalia. Muzee Kitsa, mkubwa wa ukoo wetu kule Butembo.

"Wavukire, Orpa," akanisalimia.

"Wavukire, muzee."

"Baba yako mudogo Éphraïm alishatuacha."

Nikakata uzi kwa meno. "Mungu amupokee," nikasema, kama mtu anayemsalimia jirani.

"Ngoja kwanza. Ile nyumba, maduka ya mbele, na msitu ya Vuhovi. Byote aliachia weye, ata kama uko binti. Wakubwa tulikubali."

"Muzee, leo ni siku ya kuchekana?"

"Mi nikuchekeshe na maiti ndani ya nyumba?"

Nikazima cherehani. Mguu wangu ulikuwa bado unakanyaga.

Ngoja niwaeleze vizuri, mnielewe.

Nyumba ile aliijenga baba yangu, Ananie, kwa biashara ya kahawa na mbao. Alipokufa nilikuwa darasa la sita. Mdogo wake, Éphraïm, akawekwa kuwa mrithi. Sisi tulikuwa mabinti tu, na wakubwa wakasema nyumba haiwezi kukaa bila mwanaume.

Katika ukoo wetu, siku ya kumaliza kilio mrithi anavalishwa koti la marehemu na kukalishwa kwenye kiti chake. Watu wote wananyamaza. Neno la kwanza analolitamka pale linakuwa sheria ya nyumba. Halipingwi, hata kama ni baya.

Wengi wanasema kitu chepesi. Tuombe. Leteni chakula.

Baba mudogo alikaa, akavuta mikono ya koti mpaka ikamfika vizuri, akasema:

"Berthe arudie kwabo na batoto yake."

Berthe ni mama yangu. Alikuwa anapakulia wageni. Alibaki na mwiko mkononi, watu wakiangalia sahani zao.

Tulilala Vuhovi kwa wajomba, na wajomba wakatuchoka. Tukashuka Beni. Mama akakaanga mikate ya kuuza, mimi nikaacha shule, na wadogo zangu baadaye wakaolewa mbali. Kushona sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nafumua nguo kuukuu, naangalia zilivyounganishwa, kisha nazirudisha.

Kwa hiyo mtu akiniambia habari ya kusamehe, namsikiliza kwa heshima, halafu narudi kwenye kazi yangu.

Mama nilimkuta anamenya ndizi. Nikamweleza. Kisu kikasimama.

"Alikuachia weye?"

"Mimi, mama."

"Donc, basi utakaa kwenye ile kiti."

"Nitakaa."

"Na utasema ile neno."

"Ile ile."

"Usiongeze kitu, usipunguze. Solange arudie kwabo na batoto yake. Basi." Akaendelea kumenya, na ngozi za ndizi zilikuwa zinaanguka haraka kuliko kawaida.

Solange ndiye mjane wa Éphraïm. Watoto wake wawili, Précieux na Eliane, walikulia katika vyumba vyetu.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa nafanya mazoezi. Nikipiga pasi, nalisema lile neno. Nikioga, nalisema. Nilitafuta sauti. Ya juu ingeonyesha hasira, ya chini ingeonyesha woga. Nikapata moja ya katikati, baridi, kama ya karani wa mpakani Kasindi anayekurudishia karatasi zako.

Siku ya kumaliza kilio tukapanda Butembo, mimi na mama. Mama alivaa kitenge kipya. Tulipoanza kuona mikaratusi ya Butembo alitoa kioo, akajipangusa uso.

Mlangoni alisimama Précieux. Mwanaume mzima sasa, ndevu na yote. Nyuma yake, kwenye baraza, mizigo imefungwa kwa kamba: magodoro, masufuria, kabati lililolazwa chali.

"Karibu, yaya," akasema, akiniita dada mkubwa. "Tulishafunga. Hautachoka."

Nikaona ni dharau. Damu ikanipanda.

"Muko batu ba haraka," nikamwambia.

"Mutu akijua anaenda, anangoja nini?"

"Na mutaenda wapi?"

"Iyo ya kuuliza nayo alikuachia?"

Mama akanivuta mkono. "Umuache. Asubuhi hii aongee, mchana tutaona."

Nilitembea ndani ya nyumba. Niseme ukweli, nilifikiri ningefurahi. Nilikuwa nagusa kuta na sisikii kitu. Chumba changu cha zamani kilikuwa kidogo. Kumbe chuki ilikuwa imekikuza miaka yote hiyo.

Wanawake wakanipeleka chumba cha nyuma kunivalisha. Aliyeleta koti alikuwa Solange mwenyewe. Alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa. Wengine wakatoka, tukabaki wawili.

Nikashindwa kujizuia.

"Mama mudogo, leo mutalala wapi?"

Alikuwa ananifunga vifungo. Hakusimama. "Lubero, kwa dada yangu. Kama gari itapatikana."

"Na mama yangu ile siku alilala wapi? Uliulizaka?"

"Niliulizaka."

"Uliuliza nani?"

"Bwana yangu. Akanipiga." Akaendelea na kifungo kingine. "Batoto nabo walipokomaa, bakamuuliza. Précieux alimuambia mbele ya wageni, kwenye meza: papa, hii nyumba haiko yako, ni ya baba mukubwa Ananie. Uirudishe kwa Orpa. Eliane akasema vile vile. Kila mwaka. Hata kwenye kitanda ya ugonjwa, hawakumuachia."

Nilimwangalia.

"Ndiyo maana alikuachia," akasema. "Aliita bakubwa. Akatuangalia sisi, akasema: munataka irudie kwake? Itarudia. Na yeye mwenyewe ndiye atabafukuza, sababu hajui kusamehe. Nilimufunza mimi."

Nje watu walikuwa wanapanga viti.

Mimi si mtu wa kuamini neno la mdomo mmoja, hasa mdomo wa mtu mwenye mizigo barazani. Nikafungua mlango, nikamwita muzee Kitsa pembeni.

"Muzee, baba mudogo alisema nini alipotaja jina langu?"

Kitsa akaanza kuzungusha kofia yake mikononi.

"Alisema utabafukuza. Kwamba iko kazi utaifanya muzuri kupita yeye." Akasita. "Alicheka, hata."

"Na haukuniambia."

"Mi nilitumwa nikupatie nyumba. Hapana kukupatia sababu."

Nikamwendea Précieux. Alikuwa anakaza kamba ya godoro ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

"Mbona haukusema?"

Hakuuliza nasema habari gani. "Niseme, ufikiri najitetea ili nibakie? Nakujua, yaya. Ungenifukuza mara mbili."

Hapo alisema kweli.

Wakaniita.

Nilikalishwa kwenye kiti. Koti lilikuwa zito, linanuka tumbako na dawa za hospitali. Watu walijaa mpaka uani. Upande wa kushoto Solange na wanawe, wamesimama kama watu wanaongoja gari. Upande wa kulia mama yangu, kitenge kipya, mikono mapajani, midomo yake ikinitangulia kimya kimya: *Solange arudie kwabo.*

Nataka mnielewe. Sikuwaonea huruma. Huruma ingekuja baadaye, na mpaka leo inakuja kwa kuchelewa. Kilichonishika pale ni hasira, lakini ilikuwa imegeuka upande. Akilini nilimwona baba mudogo kitandani, akicheka. Alichukua nyumba yetu. Alichukua shule yangu. Sasa alikuwa amechukua hata kisasi changu, amekivaa, na mimi ndiye niliyetumwa kukimalizia. Nikisema lile neno, litatoka kinywani mwangu, ila litakuwa lake. La pili.

Nikavuta pumzi. Sauti ya katikati, ile baridi niliyoitafuta nikipiga pasi, ikaja yenyewe.

"Solange na batoto yake babakie."

Mtu akakohoa. Eliane akakaa chini, pale pale, juu ya masufuria.

Mama akasimama. Sikuwahi kuona uso wake vile. Akatoka bila kuniangalia, na mimi sikuweza kumfuata, kwa sababu mrithi haondoki kwenye kiti mpaka watu waanze kula.

Baadaye nilimkuta nyuma ya jikoni, mgongo kwangu.

"Ulinileta huku nione nini?" akaniuliza. "Miaka yote hii nilikaanga mikate, nawaza siku moja tu."

Nikamweleza yote. Meza, wageni, kitanda, kicheko. Nilieleza polepole, jambo moja baada ya jingine, kama ninavyomweleza mteja kwa nini kitambaa chake hakitoshi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alicheka?" akauliza.

"Muzee Kitsa alimuona."

Mama akafunga kitenge vizuri kiunoni.

"Chakula yao iko wapi? Mi nitapakulia huyo Solange mwenyewe. Nyama kubwa. Yule marehemu asikie kule aliko."

Alimpakulia kweli. Solange alikula akilia, mama akisimama juu yake kama askari.

Sasa tunaishi pale wote. Si hadithi ya upendo, msijidanganye. Précieux na mimi tunagombana habari ya maduka karibu kila wiki. Eliane ananiogopa. Kuna asubuhi naamka na chuki yangu yote nzima nzima, natafuta wa kumpa, nakosa. Mali nilipewa, ila mwenye deni la machozi yetu alishaenda, na walioachwa ni wale waliotutetea. Hilo hakuna aliyenifundisha namna ya kulibeba.

Watu wananiuliza kwa nini sijatoa picha ya baba mudogo sebuleni. Picha kubwa, ya suti, mbele kabisa ya meza ya chakula.

Niliiacha kwa makusudi. Kila jioni tunakaa pale: mama, Solange, Précieux, Eliane, mimi. Tunakula, na yeye anatuangalia.

Ndugu msomaji, ukipewa urithi, usiulize tu umeachiwa nini. Uliza aliyekuachia anataka uufanyie nini, na umfanyie nani. Mimi nilikaribia sana kuwa mfanyakazi wa marehemu.