Bampa la Gari la Baba

Jirani anang'arisha pikipiki yake, na harufu ya ile dawa ya kung'arishia chuma imeshanitoa kitini mara mbili.

Baba alikuwa na gari kuukuu nyumbani kwetu Mesquite, ughaibuni. Wiki bibi, mama yake, alipolazwa hospitali huko Mombasa, baba hakukalika. Kila akitoka kazini alisugua bampa kwa dawa kama hiyo mpaka vidole vikawa vyeusi.

Mchana mmoja simu ililia. Niliipokea, kisha nikamkimbilia gereji.

"Baba, ni ami, kutoka Mombasa. Anakutaka wewe."

"Mwambie naja. Hapa bado pana kutu."

Nikarudi kwenye simu, nikasema, "Anakuja." Nyuma ya ami, ndugu yake baba, wanawake walikuwa wakilia.

Gereji nilimkuta baba anasugua palepale. Hapakuwa na kutu hata chembe.

"Naja," alisema, kabla sijafungua kinywa.