Asali ya Bi Rehema Iliyoganda

Kijiko kikikwaruza asali iliyoganda hutoa sauti ya viatu vinavyokanyaga changarawe laini. Niliisikia Julai hii jikoni kwangu Donholm, binti yangu akichokora chupa ili atie kwenye chai, na mara nikawa nimerudi Pumwani, nina miaka kumi.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili, cha pili kikiwa pazia. Hatua chache kuelekea Majengo aliishi Bi Rehema, muuza asali. Aliletewa kutoka Mwingi katika majerikeni ya manjano, akaichuja kwa kitambaa cheupe na kuijaza kwenye chupa za sharubati alizozichemsha mwenyewe. Ilinukia moshi na maua makavu. Kabla hajakuuzia alikuuliza, "Ni ya nani?" Ukitaja mtoto mchanga, chupa ilirudi rafuni. "Asiyetimiza mwaka halambi asali yangu," alisema, "hata mamake akilia."

Wateja wake wakubwa walikuwa wanakwaya wa kanisa letu. Mama na wenzake, wengi wao watu wa magharibi mwa nchi kama sisi, waliamini kwamba sauti ya kwanza haipandi bila asali. Kila Jumamosi kabla ya mazoezi chupa ilizungushwa, na kila mmoja alikuja na kijiko chake kutoka nyumbani. Aliyesahau kijiko aliimba sauti ya tatu, au ndivyo walivyomtania.

Julai ile ilikuwa na baridi kali. Chupa yetu iliyojaa ikaanza kufanya weupe kutoka chini, kisha ikashikana yote. Shuleni nilikuwa nimesikia kwamba walaghai huchanganya asali na sukari, basi nikaanza uchunguzi. Nilidondosha tone karibu na njia ya sisimizi, kwa kuwa tuliambiana kwamba asali safi hawaigusi. Walikuja wawili. Mimi nikahesabu kundi. Nikasugua kidogo kati ya vidole, nikahisi punje, na kesi ikaisha.

Jumamosi, Mama Wekesa, kiongozi wa sauti ya kwanza, aliinamisha chupa na asali ikakataa kutoka. Sikungoja kuulizwa.

"Ni sukari," nilisema. "Nimeipima."

"Wee! Kumbe tunalambishwa sukari ya duka!"

"Na vile anavyotusalimia kwa upole!"

Wote wakamgeukia mama, kwa sababu ndiye aliyewajulisha kwa Bi Rehema. Mama alitazama chupa, akanitazama mimi. "Basi tusinunue tena," akasema.

Habari haikuchelewa kufika Majengo. Jumatatu Bi Rehema alikuja mlangoni petu na sufuria ya maji ya vuguvugu, kama ya kuogesha mtoto. Akaomba ile chupa, akaisimamisha ndani ya maji mbele ya majirani, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kungoja. Nusu saa baadaye asali ilikuwa nyororo, rangi ya chai ya rangi.

"Mnaiona?" aliuliza. "Ilishikwa na baridi tu."

"Hata sukari ikipata moto huyeyuka, dada," Mama Wekesa alimjibu.

Bi Rehema aliifuta chupa kwa pindo la leso, akamrudishia mama, akaondoka na sufuria yake. Kwaya haikununua tena, na waliosikia kwa kwaya hawakununua pia. Kufikia Desemba majerikeni yake ya manjano yalikuwa ya kuuzia maji.

Kitu kimoja nilikiona wakati ule nisikitilie maanani. Ndugu yangu Barasa alikohoa mwezi mzima, na kila jioni mama alimpa kijiko kutoka chupa ileile.

"Si mlisema ni sukari?" Barasa alimuuliza.

"Meza."

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtangazaji wa redio, nilitumwa kwenye maabara ya vyakula. Mtaalamu mmoja mwenye subira alinieleza kwamba asali karibu yote ni sukari, hasa mbili, fruktosi na glukosi, pamoja na maji machache, asidi, na vimeng'enya vinavyotoka kwa nyuki. Glukosi haitulii katika maji machache hivyo. Baridi ikiingia, hujitenga na kuwa punje. Asali halisi huganda. Uchache huohuo wa maji, pamoja na ile asidi, huwanyima vijidudu nafasi, ndiyo maana watu wa zamani waliipaka vidondani. Kikohozi haikitibu, alisema, bali hulainisha koo na kumpa mtoto usingizi. Na aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, kwa sababu asali huweza kubeba mbegu za vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda.

Niliandika yote vizuri. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa mama.

"Nilijua," alisema kabla sijamaliza. "Tangu ilipoyeyuka. Sukari haina ile harufu ya moshi."

"Mbona hukusema?"

"Mbele ya Mama Wekesa? Ningeanzia wapi?"

Nilikuwa nimebeba kosa lile kama langu peke yangu, la mtoto asiyejua. Sikujua kwamba mtu mzima alikuwa amesimama kando yangu akijua, naye akaogopa.

Tulimkuta Bi Rehema kwa binti yake, huko huko Majengo, macho yamefifia. Mama aliomba radhi, nami nikaongeza habari za glukosi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mimi nilikuwa na asali hiyo mikononi," alisema. "Hayo si ya kuniambia mimi. Waambieni waliosikia."

Jumamosi iliyofuata mama alisimama mbele ya kwaya na kusema yote, akitaja jina la Bi Rehema mara tatu, kwa sauti iliyofika nyuma. Mama Wekesa alikuwa ameshafariki. Wengine walihamia mashambani. Vijana walimsikiliza kwa adabu, na alipomaliza, mmoja akamuuliza kwa upole, "Bi Rehema ndiye nani, shosho?"