Nilivyomwelekeza mwenye ploti wetu hadi mji wa pwani Italia ambao mimi sijawahi kufika

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mtaani na wa majuu.

Nimekuwa msomaji wa kimya hapa kwa muda mrefu, nafaidi nyuzi za watu bila kuacha hata comment. Leo ni zamu yangu. Haya yote yalitokea, na kila mahali nilipodanganya nitawaambia hapo nilidanganya.

Mimi ni mwandishi wa online. Si zile insha za kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo, hizo niliacha. Naandika mambo ya safari. Mtu akitafuta kwa simu jinsi ya kufika mji fulani na jinsi ya kuzunguka akishafika, inawezekana kabisa anachosoma kiliandikwa kitandani kwangu, Kawangware 56, jirani akikaanga omena.

Passport sina. Mbali zaidi nimewahi kwenda ni Malaba, mpakani, na hata hapo sikuvuka.

Mwenye ploti yetu anaitwa Mama Njeri. Ni mama wa sitini na kitu, na hilo shamba ni la familia yao tangu enzi 56 ikiwa mahindi matupu. Binti yake Njeri ameolewa Italia, kule kusini, kwenye mji mdogo kando ya bahari. Jina la mji sitaji, client asije akaniona hapa.

Sisi wapangaji tumeusikia huo mji hadi tumeuchoka. Mama Njeri anautaja hata akija kutugombeza juu ya takataka.

Sasa siku moja naona kazi mtandaoni: anatafutwa mtu anayeujua mji huo huo. Nikajiambia, Wafula, nani mwingine hapa Nairobi anaujua kuliko wewe? Nikaandika kwamba nimeishi huko miaka saba. Hapo nilidanganya.

Nikapewa kazi.

Wiki tatu nzima niliutembea huo mji kwa ile ramani ya simu yenye picha za barabara. Niliutembea hadi nikaanza kuhisi miguu inauma. Najua stesheni ya treni iko juu mlimani na mji wenyewe uko chini kwa maji. Najua tiketi ya basi huuziwi ndani ya basi, unainunua kwa duka la sigara. Najua mchana maduka yanafungwa watu waende walale. Watu wazima, wakuu, na hawana hata homa.

Kitu kimoja tu kilinishinda. Ratiba ya basi la kutoka stesheni kuteremka mjini.

Nilitafuta hadi macho yakawa mekundu, na deadline ikafika. Nikaandika kwamba basi linapita kila dakika ishirini, siku zote za wiki. Hiyo dakika ishirini niliitoa kichwani. Niliangalia matatu za hapa, zile za namba 46, ambazo hazimalizi dakika tano kabla nyingine ipite, nikaona ishirini ni kuwaheshimu Wazungu.

Client alifurahi, na mimi kichwa kikavimba. Nikaenda kumwonyesha Mama Njeri article yangu, na chini yake imeandikwa mwandishi ameishi huko miaka saba.

"Wafula! Kumbe hii mji ya kina Njeri unaijua?"

"Mum, naijua kushinda Kawangware."

Mnaona vile mtu anajichimbia.

Miezi michache baadaye akabisha mlango wangu asubuhi. Nikadhani ni zile za takataka. Kumbe Njeri ni mjamzito, amebakisha siku chache, na daktari amemkataza kutoka kitandani. Mume wake anafanya kazi kwa meli na yuko baharini. Ni mimba yake ya kwanza, na yuko peke yake ndani ya nyumba. Visa ya mama ilikuwa imetoka.

"Njeri hawezi kukuja kunichukua," akasema. "Na mimi sijui hiyo lugha yao. Wewe ndio utanionyesha njia."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Mdomo ulifunguka kabisa nikiwa na hiyo nia. Nikausikia unasema, "Usijali mum, utafika ni kama umeshikwa mkono."

Sasa elewa kwamba mimi nimezaliwa Laini Saba, Kibera. Kule hakuna mtu anakuelekeza kwa jina la barabara. Unaambiwa ufuate reli, ukiona mama wa samaki ukate kushoto, ukiona fundi wa redio umepita. Vitu na watu, basi. Na watu wenyewe wapo kweli, ukifika unawakuta.

Kwa hivyo nilichukua anwani ya Njeri nikamwandikia Mama Njeri vivyo hivyo. Basi litakushukisha kanisani. Pita duka la mikate lenye mlango wa kijani. Mbele kidogo utaona mzee amekaa nje kwenye kiti cha bluu, amevaa sweta ya kahawia. Kwa huyo mzee kata kulia, mlango wa pili ndio kwa Njeri.

Huyo mzee nilimwamini sana. Kwa zile picha za ramani nilimwona kutoka mbele, kutoka kando, kutoka nyuma, yuko tu. Uso wake ulikuwa umefutwa ukawa ukungu, kama vile hizo picha hufanya watu wote. Nilimtumia Mama Njeri screenshot yake.

"Na nikikosa kumpata?" akauliza.

"Huyo? Huyo hatoki hapo."

Akaondoka na begi moja la nguo na moja la njahi, yale maharagwe meusi. Mzazi kwao lazima ale njahi. Zilipitaje airport sijui, na sikuuliza.

Sikujua pia kwamba atafika huko Jumapili mchana.

Nilikuwa nje nafua. Simu ikalia.

"Wafula, nimeshuka kwa treni. Niko hapa stesheni. Hiyo basi iko wapi?"

"Inakuja mum. Dakika ishirini tu."

Baada ya nusu saa akapiga tena. "Wafula, hapa hakuna basi, hakuna taxi, hakuna hata mbwa. Hiyo duka ya sigara imefungwa."

Nikamwambia angoje kidogo. Hapo nilidanganya tena, maana nilishajua Jumapili basi halipo. Nilisimama na shati lenye povu mkononi.

Simu ya tatu sauti ilikuwa imebadilika. "Njeri ametuma message. Uchungu umeanza. Anasema hataenda hospitali mpaka anione. Sasa nampigia hashiki. Wafula, mtoto wangu yuko hapo chini peke yake."

Wakuu, nilitupa shati kwenye beseni nikakimbilia laptop. Si kwa kuogopa kufukuzwa ploti. Niliogopa kwamba msichana wa watu atajifungua peke yake sakafuni kwa sababu mimi nilibuni basi.

"Mum, kuna ngazi," nikasema. "Zunguka nyuma ya stesheni. Utaona ukuta wenye maua ya zambarau."

Nikasikia hatua zake. Kisha, "Nimeona."

Tukaanza kuteremka, yeye kule na mimi hapa, nimefungua ramani kwa laptop na nguo zimeloa kwa beseni. Ukifika kwa sanamu ya Maria kata kushoto. Ukiona bomba la maji usiingie kichochoro, shuka tu. Kila nilichosema alikipata. Namsikia anahema, namsikia anabadilisha begi la njahi kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Na kwa sababu mimi ni mimi, kichwa kikaanza kuvimba tena.

Akafika chini.

"Wafula. Mzee hayuko."

"Angalia kiti cha bluu, mum."

"Kiti hakuna. Hiyo duka ya mkate pia hakuna, ni mbao tupu zimepigiliwa. Milango zote zinafanana. Ulisema huyu hatoki!"

Zile picha sijui zilipigwa lini, na hilo ndilo swali sikuwahi kujiuliza kwa wiki tatu zote.

Nikamsikia anagonga mlango. Mlango ukafunguka, sauti ya mwanamke. Mama Njeri akaongea Kiswahili, akaongea Kikuyu, akaongea na mikono pia nina hakika. Yule mwanamke anajibu Kiitaliano. Halafu nikasikia mtu analia.

Simu ikakatika.

Nilikaa juu ya beseni nyingine iliyopinduliwa saa mbili nzima. Wapangaji wenzangu wananiuliza nani amekufa.

Yaliyotokea nilikuja kuelezwa. Mama Njeri, alipoona maneno hayasaidii, alitoa simu akamwonyesha yule mwanamke screenshot ya mzee, ili amwambie yuko wapi. Yule mwanamke aliishika simu kwa mikono miwili. Ile sweta ya kahawia aliifuma yeye mwenyewe. Mzee alikuwa mume wake, na alishafariki. Kile kiti alikiondoa nje kwa sababu kilikuwa kinamuumiza kukiona.

Hebu fikiria. Umelala usingizi wako wa Jumapili mchana, mama mgeni anakugongea amebeba maharagwe meusi, na kwa simu yake yuko mume wako amekaa mlangoni.

Alilia kidogo tu. Mama Njeri akasema "Njeri, Njeri," akachora tumbo kubwa kwa mikono. Yule mama akaelewa mara moja, akamvuta mbio hadi mlango wa pili. Zilikuwa hatua kumi, wakuu. Alipiga kelele hadi mtaa mzima ukaamka, mtu akaita ambulance, na hospitalini aliingia nao akakaa nao. Mtoto wa kiume alizaliwa jioni hiyo hiyo, mzima kabisa.

Baada ya wiki moja wakanipigia video call. Njeri kitandani na mtoto, Mama Njeri kando yake, na yule mjane wa mzee amekaa mezani kama mtu wa nyumba.

Nikaamua kumaliza. "Mum, nisamehe. Mimi huko sijawahi kufika."

"Najua," akasema. "Wewe ungetoka ploti yangu miaka saba nisijue? Kutofika sio makosa, hata mimi nilikuwa sijafika. Lakini hiyo basi, Wafula. Hiyo basi ulitoa wapi?"

Nikaapa mbele yao wote kwamba sitabuni kitu tena maishani. Njeri alicheka hadi akashika tumbo.

Kisha yule mama mjane akasema kitu polepole. Njeri akaacha kucheka.

"Anafikiri ni wewe ulipiga hiyo picha," akaniambia. "Anasema mwaka wa mwisho mzee alikuwa mgonjwa na hakuwa mtu wa kucheka. Na kwa picha uso hauonekani. Anauliza, hiyo siku alikuwa anacheka?"

Wakuu, nilikuwa nimeapa dakika moja iliyopita. Njeri alikuwa ananiangalia. Mama Njeri alikuwa ananiangalia. Wote wanajua sikuwepo.

Nikasema, "Alikuwa anacheka."

Hapo nilidanganya.

Njeri akatafsiri, na nilichosema ni maneno mawili lakini yeye aliongea sentensi tatu nzima. Mama Njeri hakunigombeza. Aliinamia mtoto akaanza kumfunika upya. Yule mama akapiga meza kwa kiganja, akafuta macho, akasema neno.

"Anasema alijua tu," Njeri akaniambia.

Nilichojifunza: kama hujui ratiba ya basi, andika hujui. Ile ya dakika ishirini nilishaifuta, na nimemwandikia client kwamba Jumapili mtu ajipange na zile ngazi.

Hilo lingine sijalifuta na sijui kama nitalifuta. Karibuni mnisute, nimekaa hapa, lakini kwanza kila mtu aseme yeye angemjibu nini yule mama.