Shimo Lililogombewa na Koo Mbili

Jina lake halisi lilishasahaulika. Mtaa mzima, na hata wahandisi waliomwogopa kama kodi, walimwita Mama Vigae, kwa sababu mkoba wake haukukosa vipande vya vyungu vilivyovunjika kabla babu zao hawajazaliwa. Kazi yake ilikuwa ushauri. Mtu akitaka kujenga ghorofa, barabara au soko, yeye hutangulia kukagua ardhi na kusema kama chini kuna mambo ya kale ya kulindwa. Ni kazi inayompa mtu maadui wengi na viatu vichafu.

Nyumbani aliishi na mumewe, fundi cherehani asiye na maneno, na mama mkwe, mwenye maneno ya wote watatu. Bibi yule hakuwahi kumsamehe tangu alipomkuta jikoni akigusa kipande cha mfupa kwa ulimi.

"Napima tu, mama," Mama Vigae alijitetea. "Mfupa wa kale hung'ang'ania ulimi, jiwe haling'ang'anii."

"Mwanangu alikuwa na wachumba wengi," bibi alijibu, akaondoka na kikombe chake.

Basi ikaja kazi ya soko jipya. Katapila lilikuwa halijachimba sana likagonga mawe yaliyopangwa duara, yakishuka chini kama kisima. Mhandisi, kijana mnene mwenye simu mbili, akasimamisha kazi na kumwita Mama Vigae huku ameshika kichwa.

Mama Vigae alipofika, uvumi ulishamtangulia. Watu walijaa kando ya shimo wakisema ni kaburi la mfalme. Mbele yao walisimama wazee wawili, mstaafu wa posta aliyevaa suti kwenye jua lote lile, na kinyozi wa mtaani. Kila mmoja alidai mfalme ni wa ukoo wake.

"Huyu ni babu yetu," alisema mstaafu. "Hata pua zetu zinaonyesha ufalme."

"Pua hiyo?" Kinyozi alicheka. "Mimi ndiye ninayeinyoa, hamna cha kifalme humo. Mfalme ni wa kwetu. Bibi alitusimulia: alikuwa na kiti chake, na akishakaa hakuna ruhusa ya mtu kumsogelea."

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mstaafu alitaka mnara. Kinyozi alitaka mnara mrefu kuliko wa mstaafu. Mhandisi alitaka kulia.

Mama Vigae akashuka na mwiko wake mdogo na brashi. Udongo ulikuwa mweusi, laini, umejaa mbegu za matunda, miba ya samaki na vipande vya sahani. Kisha akakuta bamba la jiwe lililoanguka, lenye tundu katikati. Akalitazama tundu. Tundu likamtazama. Akalazimika kujifunika uso kwa kofia mpaka kicheko kipungue, na watu waliokuwa juu ya shimo wakadhani anaswali.

Akapanda. "Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, mwanangu," walijibu kwa pamoja. "Ni wetu?"

"Ni choo."

Watu wakarudi nyuma kutoka ukingoni. Hata katapila lilionekana kuona aibu.

"Choo cha mfalme?" aliuliza kinyozi, ambaye hakuwa mtu wa kukata tamaa.

"Cha yeyote aliyebanwa, baba."

Mstaafu akakohoa. "Nakumbuka sasa. Ukoo wetu ulihamia hapa baadaye kidogo."

"Hapana, mzee mwenzangu," kinyozi alimshika bega. "Pua ni ile ile. Babu mchukue wewe."

Mhandisi aliruka kwa furaha. "Basi tufukie, tuendelee!"

"Ufukie nini? Hii ni hazina!" Mama Vigae aling'aka. "Kaburini watu hudanganya, kila marehemu alikuwa mwema. Chooni hakuna uongo. Hapa tutajua walikula nini, waliugua nini, na nani alivunja sahani akaitupa humu ili asigombezwe."

"Sasa mimi niwaambie wakubwa nimesogeza nguzo za soko kwa ajili ya... ya..." Neno likamkwama mhandisi.

"Waambie ni miundombinu ya kale ya usafi."

Mhandisi alilirudia neno hilo kimoyomoyo, akalipenda. Wakakubaliana: nguzo zisogezwe kidogo, nusu ya shimo ichimbwe taratibu, na nusu ijazwe mchanga safi, ikae salama chini ya uwanja wa soko kungoja wataalamu wa kesho. Wakubwa walisikia "miundombinu", wakaitikia kwa vichwa, wakatia saini.

Mama mkwe alipopata habari kwamba mkwe wake sasa anachimba vyoo, alikuja na mwavuli kushuhudia aibu ya familia. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akanuna. Baadaye akauliza kipande kile cha sahani kina ua gani. Kabla ya jioni alikuwa amekunja mikono ya nguo, anaosha vigae kwenye beseni na kuwafokea vibarua wanaokanyaga ovyo.

Siku wageni walipokuja kutazama, yeye ndiye aliyewapokea.

"Sahani zote hizi zimevunjika," aliwaeleza, akizinyooshea kidole zilivyopangwa kwenye turubai. "Ushahidi uko wazi. Nyumba hii ilikuwa na mkwe."

Wageni wakamgeukia mtaalamu. Mama Vigae alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, machozi yakimtoka, anacheka hana pumzi ya kubisha.