Mwisho wa Filamu Ambao Sauti Saba Hajauona

Saa mbili asubuhi, katika ukumbi wa video wa mtaa, mbele ya mabenchi kumi na manne yasiyo na mtu, Sauti Saba anaketi kando ya televisheni kubwa, anakohoa kwa heshima zote, kisha anakuwa mwanamke. Anamlilia askari aliyerudi vitani bila kumbukumbu. Papo hapo anakuwa askari, anauliza mama huyu ni nani. Halafu daktari na, kazi ikilazimu, farasi.

Anafanya mazoezi. Kwa miaka ishirini na miwili amewatafsiria watazamaji wa ukumbi huu filamu za lugha za kigeni. Lugha zenyewe hazijui. "Nasoma nyuso," anasema bila haya. "Mtu akidanganya, lugha haimfichi."

Filamu ya askari ndiyo kipenzi cha mtaa. Ina ila moja: diski imekwaruzika, na dakika kumi kabla ya mwisho picha huganda, askari akiwa mdomo wazi. Hapo Sauti Saba huzima mashine na kumalizia mwenyewe: askari hakumkumbuka mkewe kamwe, mke akaolewa na daktari. Watu hujifuta machozi, hupiga makofi, huenda zao. Hakuna aliyewahi kudhurika.

Mpaka Jumamosi iliyopita.

Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alibaki kwenye benchi wenzake walipotoka. Mumewe alirudi kutoka vitani mwaka mmoja na nusu uliopita. Anakula, anafagia, anampigia pasi nguo za wateja, na anamwita dada. Fundi alimshukuru Sauti Saba kwa upole. Alisema ameitazama filamu mara nne na sasa moyo wake umetua: Jumatatu atamrudisha mume kwao, kwa kaka yake, naye aanze maisha mengine.

"Ikiwa yule mwenzangu alichoka, mimi ni nani nisichoke?"

Macho yalimtoka Sauti Saba kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Shemeji," alisema, kwa sauti moja tu, tena mbovu, "mwisho ule niliutunga mimi."

Mkata tiketi aliacha kufagia. Fundi hakupiga kelele, na hilo lilitisha zaidi. Aliuliza mwisho wa kweli ni upi. Sauti Saba ameitafsiri filamu ile zaidi ya mara mia tatu. Hajui.

"Yaani nimemfungia mume wangu nguo sandukuni kwa maneno yako?"

"Ndiyo, shemeji."

Jumatano diski nzima ilipatikana kwa fundi redio wa mtaa wa pili. Mke wa Sauti Saba aliinyakua, akaifungia kabatini. "Ukiitazama kwanza utaitengeneza," alimwambia. "Nakujua, baba watoto. Hata siku ya posa ulijipamba mpaka mama yangu akadhani wewe ni rubani."

Fundi cherehani hajampeleka mumewe popote. Ameomba nafasi mbili benchi la mbele kesho, moja ya mume. "Filamu si mganga," anasema. "Nataka tu kujua mwenzangu alifanyaje."

Kesho mwalimu mstaafu anayeijua lugha ile atamnong'oneza Sauti Saba kila neno, naye ameapa kulitoa lilivyo.

"Ikiwa hakumkumbuka, nitasema hakumkumbuka," anasema. "Lakini namwomba Mungu awe amemkumbuka."